Mashine imesoma P0733: je, giaboksi ishushwe?

Swali la msomaji:

"Gari langu ni la gia otomatiki, gia nne. Asubuhi halina shida, lakini likishatembea kama dakika 20, linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma, mshale wa RPM unapaa, halafu gia inaingia kwa kishindo. Kifaa changu kidogo cha kuchomeka kilisoma msimbo wa kosa P0700 tu. Fundi akachomeka mashine yake kubwa, akapata P0733, akasema klachi zimekwisha na giaboksi ishushwe. Nilimwomba arekodi data tukiwa njiani, na nimekutumia. Nambari zenyewe sizielewi. Je, zinamuunga mkono fundi?"

Jibu:

Zinamuunga mkono kwa sehemu. Zinaonyesha wazi kwamba kuna kuteleza ndani ya giaboksi, na zinaonyesha hata ni wapi. Kwamba klachi zimekwisha, hilo hazijalisema. Fundi wako ameruka hatua tatu au nne zinazofanyika gari likiwa bado na giaboksi yake.

Nianze na P0700, maana imewazungusha wengi. Huo si ugonjwa, ni tarishi tu. Kompyuta ya giaboksi ikiona kasoro, huiomba kompyuta ya injini iwashe taa, na ya injini huandika P0700 kama kumbukumbu kwamba iliombwa. Ugonjwa wenyewe umeandikwa kwenye kompyuta ya giaboksi, na vifaa vingi vidogo havifiki huko. Vinajua lugha ya pamoja ya OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea kwa ajili ya kudhibiti moshi. Kwa hiyo anayesema "mashine imesoma P0700, giaboksi imekufa" ameona bahasha bila kufungua barua.

P0733 ni barua yenyewe, ila ni fupi. Tarakimu ya mwisho ndiyo gia: P0731 ya kwanza, P0732 ya pili, P0733 ya tatu. Maana yake: kompyuta iliamuru gia ya tatu, ikapiga hesabu ya uwiano, na jibu halikuwa la gia ya tatu. Basi, imeishia hapo. Sababu inaweza kuwa oili, presha, solenoidi (koili ya umeme inayofungua na kufunga njia ya oili), valvu iliyoganda, klachi, au hata sensa inayodanganya. Jibu la swali lako limo kwenye zile safu za nambari.

Katika data yote uliyonitumia, na ni mistari mingi kweli, nilianza na safu tatu: mizunguko ya injini, ya turbini, na ya shafti ya kutoka. Turbini ni lile gurudumu linalosukumwa na oili ndani ya konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Limeshikana na shafti inayoingia giaboksi. Shafti ya kutoka ndiyo inayoelekea kwenye magurudumu. Ukizishika hizi tatu umeigawa gari vipande viwili. Tofauti kati ya injini na turbini ni kazi ya konveta. Uhusiano wa turbini na shafti ya kutoka ni kazi ya gia na klachi zake. Kwa hiyo ukiona kuteleza, unauliza kwanza: ni upande upi?

Hesabu ni rahisi: gawanya turbini kwa shafti ya kutoka, unapata uwiano wa gia. Giaboksi yako ina uwiano wa 2.80, 1.53, 1.00 na 0.70, kutoka gia ya kwanza hadi ya nne. Chukua mstari ule wa barabara tambarare, kilomita 90 kwa saa: injini 1,685, turbini 1,675, shafti ya kutoka 2,390. Gawa 1,675 kwa 2,390, unapata 0.70. Gia ya nne, kamili, hakuna kilichopotea. Kati ya injini na turbini kuna tofauti ya mizunguko 10 tu, na safu ya konveta inasema imefungwa, yaani klachi yake ya ndani imeishikanisha injini na turbini. Konveta yako ni nzima. Hili ni la kushukuru, kwa sababu kuna magari mengi hubadilishwa konveta kwa kubahatisha.

Ingekuwa mbovu ungeonaje? Amri inasema "funga", lakini tofauti inabaki 150, 200 au zaidi. Hapo ndipo P0741, msimbo wa klachi ya konveta, huzaliwa. Au tofauti inachezacheza, 20, 70, 15, 60, na dereva anahisi kama anapita juu ya matuta madogo madogo. Kwenye magari mengine kompyuta yenyewe huiacha konveta iteleze kidogo kwa makusudi, mizunguko 20 hadi 50 hivi, ili safari iwe laini, kwa hiyo usishtuke ukikosa sifuri. Kinachotisha ni nambari isiyotulia.

Sasa twende kwenye tukio lenyewe, ile sekunde ya kelele. Nimeipanga mistari yake kama filamu.

Mstari wa kwanza: amri gia ya 2, injini 2,300, turbini 2,035, kutoka 1,330. Uwiano 1.53. Sawa.

Mstari unaofuata: amri imekuwa gia ya 3. Hapa turbini ilipaswa kushuka hadi karibu 1,340, kwa sababu gia ya tatu yako ni moja kwa moja. Badala yake inasoma 2,640, injini 2,900, kutoka 1,350. Gawa: 1.96. Hakuna gia ya namna hiyo kwenye giaboksi yako. Ni nambari ya hewani, kati ya gia na gia.

Baada ya sekunde 1.2: turbini 1,370, kutoka 1,370, injini 1,640. Uwiano 1.00. Gia imeshika, na kishindo ulichokisikia ni turbini kuporomoka mizunguko zaidi ya elfu moja kwa mpigo.

Ona jambo moja katika mstari wa katikati. Injini ilipaa, na turbini ikapaa nayo, zikiwa zimepishana mizunguko 260 tu, karibu sawa na kabla ya kubadili gia. Maana yake konveta ilikuwa inashika kama kawaida. Kilichopotea kipo nyuma ya turbini. Gia ya pili imeachia, ya tatu haijashika, na kwa sekunde nzima injini haikuwa na mzigo. Kwa kawaida mabadiliko ya gia huchukua chini ya sekunde moja, na turbini hushuka moja kwa moja bila kupaa kwanza.

Hapa fundi amepatia: klachi ya gia ya tatu ilichelewa kushika. Lakini klachi ni sahani zinazobanwa na pistoni, na pistoni inasukumwa na oili. Sahani zilizoungua huteleza. Sahani nzima zisizopata presha ya kutosha huteleza vilevile, na kwa mashine haya mawili yanafanana kabisa.

Kabla sijaendelea, niondoe shaka ya sensa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kushusha giaboksi kwa kosa la aina hiyo na kukuta ndani kila kitu kinang'aa. Kilichokuwa kibovu ni plagi ya sensa iliyoingia oili. Tangu siku hiyo sipigi hesabu ya uwiano kabla ya kuhakikisha nambari zenyewe ni za kweli. Shafti ya kutoka unaihakiki kwa magurudumu. Tairi lako likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.07, kwa kilomita 90 kwa saa gurudumu linazunguka karibu mara 725 kwa dakika, zidisha kwa uwiano wa difu yako, 3.3, unapata 2,390 na ushee. Ndiyo nambari iliyo kwenye data. Turbini nayo unaihakiki ukiwa umesimama: ukiwa kwenye N, inapaswa kuikaribia injini, ukiingiza D huku umekanyaga breki, inapaswa kushuka hadi sifuri. Zako zote zimefanya hivyo. Sensa inayokufa au waya unaokatika hujitambulisha kwa namna nyingine: nambari inaanguka kutoka 2,000 hadi sifuri, kisha inarudi 2,000, huku gari likienda vizuri. Hakuna gari linaloweza kusimama na kuondoka tena ndani ya nusu sekunde.

Umenitumia pia kumbukumbu ya tukio, ile kompyuta inayoihifadhi msimbo unapoandikwa: kilomita 58 kwa saa, injini 3,050, mzigo asilimia 82, joto la giaboksi nyuzi 101. Mlima, mguu chini. Wengi wangeiona 3,050 na kusema "unaona, inateleza!" Lakini kwa mwendo ule shafti ya kutoka inazunguka kama 1,540, na kwenye gia ya pili turbini ingekuwa karibu 2,360, kwa hiyo injini ya 3,050 ikipanda mlima kwa gia ya pili isingekuwa ajabu sana. Kumbukumbu hiyo peke yake haithibitishi kitu. Inachokupa ni mazingira: joto, mzigo mkubwa, mwendo wa kati. Ukitaka kulirudia tatizo, ndiko utakakolipata. Ndiyo maana naomba sana misimbo isifutwe kabla haijanakiliwa. Ukifuta, na kumbukumbu hii inakwenda nayo.

Joto lenyewe la nyuzi 101 si baya kwa gari linalopanda mlima. Giaboksi nyingi hukaa kati ya 80 na 95 kwenye safari ya kawaida, 110 ikiwa na kazi nzito, na ikipita 120 oili inaanza kuharibika haraka. Lakini usiamini sensa ya joto bila kuihoji. Gari likilala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini: joto la giaboksi, la maji ya rejeta na la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana sana. Ukikuta giaboksi inasema nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika. Ikisema zaidi ya 150 na gari halijawashwa, waya umegusana. Uongo huo si mdogo, kwa sababu kompyuta huitumia nambari hiyo kuamua presha, muda wa kubadili gia, na kama konveta ifungwe au la.

Tatizo lako linakuja gari likipata moto. Hiyo ni dalili, na ninaipa uzito kuliko msimbo. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na penye kuvuja panavuja zaidi: kwenye ringi za kuzuia oili, kwenye sili ya pistoni, au kwenye tundu la valvu lililolika. Sahani zilizokwisha kabisa huwa haziisubiri saa ya joto. Huteleza asubuhi pia. Solenoidi nayo hubadilika kwa joto. Waya wa shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 30 ukitoka nyuzi 20 hadi 100, kwa hiyo koili iliyosoma omu 12 ikiwa baridi itasoma karibu 16 ikiwa ya moto bila kuwa mbovu. Iliyo mbovu huruka hadi mamia, au hukatika kabisa. Ipimwe ikiwa ya moto. Kuipima asubuhi ni kumpima mgonjwa wa homa siku aliyopona.

Na hapa kuna mtego kwenye skrini. Safu iliyoandikwa "solenoidi A: imewashwa" haisemi solenoidi imewaka. Inasema kompyuta imeamuru iwake. Solenoidi inaweza kuwa imeganda kwa uchafu, umeme umefika na oili haijapita, na skrini bado itaandika "imewashwa". Kompyuta ikiona umeme haufiki itaandika msimbo wa waya wa solenoidi; ikiona umeme unafika na gia haiji, itaandika msimbo wa uwiano, kama wako. Kwa hiyo P0733 bila msimbo wa solenoidi inanielekeza kwenye oili na vyuma zaidi kuliko kwenye nyaya. Si uhakika, ni mwelekeo.

Mtego wa pili ni safu ya presha. Kwenye mashine nyingi haionyeshi presha, inaonyesha ampea za solenoidi ya presha, na mara nyingi zinakwenda kinyume na watu wanavyodhani. Kwenye giaboksi ya 4L60-E ya General Motors, kwa mfano, ampea 1.1 ni presha ya chini kabisa, na karibu na sifuri ni presha ya juu kabisa. Wabunifu walifanya hivyo kwa makusudi: umeme ukikatika, klachi zibanwe kwa nguvu zote zisiungue. Ndiyo sababu gari likiingia hali ya dharura hugonga gia na kubaki kwenye gia moja. Nimeona watu wakisoma ampea ndogo na kulia kwamba presha imekwisha, kumbe ndiyo iko juu. Soma kitabu cha giaboksi yako kwanza.

Kwenye data yako, wakati wa ile sekunde ya kelele, kompyuta ilikuwa inaomba presha ya juu, na safu ya kujirekebisha ya badiliko la 2 kwenda 3 imefika mwisho wake. Hii safu fundi angekuonyesha kwanza. Kila mara gia ilipochelewa, kompyuta iliongeza kidogo, ikaongeza tena, mpaka haina cha kuongeza. Maana yake tatizo halikuanza juzi. Lilikuwa linafichwa, pengine kwa miezi. Na pia maana yake kompyuta inaomba, oili haiji, au inakuja na kupotelea njiani.

Basi kabla ya spana kugusa boliti za giaboksi, mwambie fundi afanye haya. Oili kwanza, kiwango na rangi. Kiwango hupimwa kwa joto lililoandikwa na mtengenezaji, si kwa kukisia. Giaboksi ya ZF 6HP, kwa mfano, hupimwa oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50 injini ikiunguruma, na joto hilo unalisoma kwenye mashine hiyohiyo. Oili ikipungua kidogo tu, pampu huvuta hewa, na hewa inabanika, kwa hiyo pistoni haisukumwi vizuri. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, na sampo, lile karai la oili chini ya giaboksi, ina unga mweusi mwingi kama masizi, fundi atakuwa ameshinda na nitanyamaza. Vumbi jembamba la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida.

Halafu geji ya presha, ile ya mpira na mshale, ifungwe kwenye tundu la kupimia, gari likiwa la moto. Hiki ndicho kipimo kimoja ambacho skrini haiwezi kukupa. Kompyuta ikiomba juu na mshale usipande, tafuta kwenye pampu, filta iliyoziba au valvu ya presha. Mshale ukipanda vizuri na gia ya tatu bado ikateleza, presha ipo na inavujia kwenye njia ya klachi hiyo, au sahani zimekwisha. Hapo ndipo kushusha kunapata sababu.

Jaribu pia rivasi ikiwa ya moto. Kwenye baadhi ya giaboksi za gia nne, klachi inayoshika gia ya tatu ndiyo hiyohiyo inayoshika rivasi. Rivasi ikichelewa au kuteleza, ushahidi dhidi ya klachi hiyo unaongezeka. Rivasi ikishika vizuri, usiitoe klachi hatiani mara moja, kwa sababu kwenye rivasi presha hupandishwa na inaweza kuuficha ugonjwa.

Mwisho wa upimaji, angalia kama injini yenyewe ina misimbo. Kompyuta huamua presha kwa kukadiria nguvu ya injini, na sensa ya hewa inayosoma kidogo kuliko ukweli huifanya idhani gari linabeba mzigo mwepesi. Kwako sidhani, maana presha iliombwa juu, lakini ni dakika mbili tu.

Mkienda kurekodi tena, chagueni safu tano: injini, turbini, kutoka, gia iliyoamriwa, na joto. Ukijaza safu 30, mashine husoma kila moja kwa zamu, na badiliko la gia linaisha kabla zamu ya turbini haijarudi. Nadhani ndiyo sababu mstari wako wa katikati ni mmoja tu. Huenda turbini ilipaa zaidi ya 2,640 na hatukuiona.

Na mpaka ijulikane, usiliendeshe kwa nguvu. Ukifika mwendo wa kuingia gia ya tatu, legeza mguu kidogo ili mzigo upungue gia inaposhika. Kila sekunde ya kelele unayoisikia ni sahani zinazosuguana huku oili ikichemka kati yake, na klachi iliyokuwa nzima wiki hii inaweza kuwa imeungua wiki ijayo. Ikitengenezwa, iwe kwa valvu, solenoidi au kwa kufungua yote, mwambie fundi afute zile nambari za kujirekebisha na kuifundisha kompyuta upya kwa utaratibu wa gari lako. Zikibaki pale zilipo, mwisho wa kiwango, giaboksi iliyopona itagonga gia ya tatu kwa nguvu zote, nawe utarudi kwa fundi ukidhani amekuharibia.